Maneno ya Sheria za Ardhi Yafafanuliwe kwa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Methali hiyo yafaa katika mafumbo na mashairi, ambamo msikilizaji huachiwa alitafute mwenyewe lililofichwa. Haifai hata kidogo katika sheria. Mtu anayeweza kutozwa faini, kufungwa au kubomolewa nyumba kwa sababu ya neno fulani ana haki ya kuelezwa maana ya neno hilo kabla hajachimba msingi, wala si baada ya ukuta wake kupakwa alama nyekundu.

Suala hili ni zito kwa wakazi wa Kaunti za Migori na Homa Bay. Miji ya Homa Bay, Oyugis, Kendu Bay, Mbita, Migori, Rongo, Awendo, Kehancha na Isebania inazidi kutambaa kuelekea mashambani. Mahali palipopandwa mtama na mihogo jana, leo pana maduka na nyumba za kupangisha. Baada ya mabaraza ya miji na ya wilaya kuvunjwa mwaka 2013, kazi ya kupanga ardhi iliwekwa mikononi mwa serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Kisha ikaja Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua mahali pa ile ya 1996. Chini ya sheria hiyo, kaunti hutayarisha mipango, hugawa maeneo katika kanda za matumizi, na hutoa au kunyima vibali.

Sisi hatupingi mipango. Mji usiopangwa ni mji ambamo choo huchimbwa karibu na kisima cha jirani na gari la zimamoto halipati pa kupita nyumba ziungulapo. Aidha, Kifungu cha 66 cha Katiba kimeipa Serikali mamlaka ya kusimamia matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama na afya ya umma, na kwa ajili ya mipango yenyewe. Hivyo basi yule asemaye, "Hati ninayo, shamba ni langu, kibali cha nini?" amekosea. Lakini amekosea kwa sababu hakuna aliyemweleza kwa lugha anayoifahamu, na hilo si kosa lake peke yake.

Yafaa ikumbukwe kuwa adhabu si ndogo. Anayeanza kuendeleza ardhi bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au yote mawili, na zaidi ya hayo atatakiwa kuirejesha ardhi ilivyokuwa. Kwa upande mwingine, sheria hiyo hiyo imempa mwananchi kinga. Akiomba kibali kwa njia iliyowekwa, na siku 60 zikapita bila jibu la maandishi, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Akinyimwa, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango, na kutoka hapo aweza kufika katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ni wangapi Nyatike au Ndhiwa wanaozijua siku hizo? Adhabu hujulikana upesi kwa sababu huja na askari. Kinga imelala ndani ya kitabu cha Kiingereza.

Tuchukue neno la kwanza kabisa katika sheria hiyo, lile ambalo watu wengi hulifasiri kuwa "maendeleo". Kwa mwananchi wa kawaida, maendeleo ni jambo jema: shule, zahanati, barabara, maji safi. Viongozi wamelihubiri neno hilo tangu Uhuru. Sheria haina habari na wema huo. Kwake yeye, neno hilo ni kufanya kazi yoyote ya ujenzi au uchimbaji juu ya ardhi, au kubadilisha kwa kiasi kikubwa matumizi ya ardhi au jengo. Anayegeuza sebule yake kuwa baa ameingia katika maana hiyo, awe amejenga au hajajenga. Anayechimba shimo la dhahabu katika shamba la mahindi kule Macalder, ambako dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1930, naye amebadilisha matumizi ya ardhi, mbali na leseni ambayo sheria ya madini inamtaka awe nayo. Sasa mwambie mzee wa kijiji kwamba anashtakiwa kwa kufanya maendeleo. Atadhani unamfanyia mzaha. Neno linalofaa hapa ni "uendelezaji wa ardhi", na sharti lielezwe kwamba uendelezaji waweza kuwa mwema au mbaya, lakini wote unahitaji kibali.

Neno la pili linashangaza zaidi. Katika Kiingereza cha mawakili wa mali, neno ambalo kila mtu mwingine hulielewa kuwa ni "mtumiaji" hubeba maana ya "matumizi". Kwa hiyo fomu ya kuomba kubadilisha matumizi ya kiwanja, ikisomwa na asiye wakili, huonekana kuwa ni fomu ya kubadilisha mtumiaji. Mjane aliyerithi kiwanja cha mumewe anaweza kudhani fomu hiyo yamhusu, kwa kuwa mtumiaji amebadilika. Jirani yake, ambaye nyumba yake ya kuishi ameifanya bohari ya saruji, anaweza kudhani haimhusu, kwa kuwa mtumiaji ni yeye yule wa siku zote. Wote wawili wameelewa kinyume, na wote wawili wanaijua lugha. Kiswahili kingewaokoa, kwani katika lugha yetu matumizi ni matumizi na mtumiaji ni mtu.

Hata maneno tuliyoyazoea hayana uhakika. "Ploti" ni nini? Kwa mpimaji, ni kipande cha ardhi chenye mipaka. Kwa kijana aliyehamia mjini Migori kutafuta kazi, ploti ni majengo ya vyumba vya kupangisha, na yeye husema anaishi katika ploti. Kanuni ikitaja idadi ya watu au vyoo kwa kila ploti, inazungumzia ipi kati ya hizo mbili? Vilevile, madalali huuza kiwanja cha futi 50 kwa 100 wakikiita thumni ya ekari. Mwanafunzi yeyote aweza kufanya hesabu hiyo. Ekari moja ina futi za mraba 43,560, na thumni yake ni futi za mraba 5,445. Kiwanja cha 50 kwa 100 kina futi za mraba 5,000. Mnunuzi amepunjwa futi za mraba 445, na hakuna aliyemwibia isipokuwa neno.

Hesabu za namna hiyo ndizo zinazojaza kanuni za kanda. Kugawa kanda ni kuliweka eneo katika sehemu, na kila sehemu kupewa matumizi yake na masharti yake: hapa makazi, pale biashara, kwingine viwanda au kilimo. Miongoni mwa masharti hayo ni kiasi cha kiwanja kinachoruhusiwa kufunikwa na jengo, na uwiano wa jumla ya sakafu zote na ukubwa wa kiwanja. Tuseme kanda fulani imeruhusu nusu ya kiwanja ifunikwe, na jumla ya sakafu isizidi ukubwa wa kiwanja chenyewe. Mwenye kiwanja chetu cha futi za mraba 5,000 ataweka jengo lenye msingi wa futi za mraba 2,500, na ataweza kulipandisha kuwa na sakafu mbili za ukubwa huo, si tatu. Hilo halihitaji shahada ya chuo kikuu. Lahitaji mtu wa kulieleza tu.

Kuna maneno mengine ambayo hubadilika maana mpaka unapohama hata kama shamba halikuhama. Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya mwaka 1967 inataka uuzaji wa ardhi ya kilimo upate idhini ya bodi, na maombi yapelekwe katika muda wa miezi sita tangu mapatano. Bila idhini hiyo mauzo ni batili. Lakini ardhi ya kilimo ni ipi? Wengi watajibu kuwa ni ile inayolimwa. Sheria haiangalii mmea, huangalia mahali: kwa jumla, ni ardhi isiyo ndani ya manispaa, mji wala soko. Shamba la viazi vitamu lililo ndani ya mipaka ya manispaa laweza lisiwe ardhi ya kilimo mbele ya sheria, na kichaka kisichowahi kuguswa na jembe kilicho nje ya mipaka hiyo kikawa ndicho. Kaunti inapopanua manispaa, maana ya shamba la mtu hubadilika usiku akiwa amelala.

Isitoshe, kuna maneno ambayo wataalamu huyaleta kutoka miji ya mbali bila kuyapima kwa maisha ya hapa. Kanuni za kanda za makazi katika nchi nyingi huzungumzia "nyumba ya familia moja". Mjaluo wa Karachuonyo au wa Uriri ana dala, boma lenye nyumba ya baba na mama, pengine nyumba za wake wengine, na simba za wavulana karibu na lango. Dala ni familia moja au ni nyumba nyingi? Kijana anayejenga simba yake kwa miti, udongo na mabati anatimiza wajibu wa mila au anafanya uendelezaji unaohitaji kibali? Nayo makaburi ya wazee yaliyo ndani ya boma, boma hilo likiingia katika kanda ya biashara yatahesabiwa nini? Wakuria wa Kehancha wanayo maswali yao ya namna hiyo. Kanuni isiyoyajibu itawafanya watu waaminifu kuwa wahalifu majumbani mwao, au itapuuzwa na kila mtu, naye ofisa asiye mwadilifu atapata mlango wa kudai chai.

Lakini hatari kubwa kuliko zote imo katika maneno "ukingo wa mto" na "ufuo wa ziwa". Katiba imetaja mito na maziwa kuwa ni ardhi ya umma. Swali ni ukingo unaishia wapi. Kanuni za ugawaji wa viwanja za mwaka 1998 zilitaka nafasi isiyopungua mita 10 kila upande wa mto. Kanuni za rasilimali za maji za 2007 zilitaka nafasi iliyo sawa na upana wa mto wenyewe, isipungue mita 6 wala kuzidi 30. Tuseme mto una upana wa mita 20. Ofisa mmoja, akishika kitabu cha kwanza, angeridhika na mita 10. Mwenzake, akishika cha pili, angedai 20. Mkulima aliyejenga katika mita ya 15 angekuwa na haki asubuhi na kuwa mvamizi alasiri, kulingana na nani aliyemtembelea. Kisha, baada ya mafuriko ya mwaka 2024, wakazi wa kando ya mito ya Nairobi walitajiwa mita 30 na nyumba zikabomolewa. Wakazi wa Nyatike, ambao Mto Kuja huwafurikia mara kwa mara, wana haki ya kuuliza ni kipimo kipi kitakachowafikia wao.

Kuhusu ziwa mambo ni magumu zaidi. Kanuni hizo za 2007 zilipima ufuo kutoka alama ya juu kabisa ya maji iliyowahi kurekodiwa, kwa umbali wa mita 30 wa ulalo au kimo cha mita 2 cha wima, kile kilicho kifupi. Mahali penye mteremko mkali, mita 2 za kimo hufikiwa baada ya hatua chache tu. Mahali palipo tambarare, ufuo utafika mita 30 kamili. Majirani wawili waweza basi kuwa na nafasi tofauti kabisa. Sasa ikumbukwe kuwa mwezi wa Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifikia kimo kilichopita kile cha mwaka 1964, na familia nyingi za kando ya ziwa katika kaunti hizi mbili zikayahama makao yao. Ikiwa kipimo chaanzia kwenye alama ya juu kabisa, alama ikipanda ufuo nao hupanda. Mtu ambaye nyumba yake ilikuwa nje ya ufuo mwaka 2019 aweza kujikuta ndani yake bila ya kusogeza kigingi hata kimoja. Je, ni nani aliyemwonyesha alama mpya? Imechorwa wapi Sori, Muhuru Bay, Mbita au Kendu Bay ambapo mvuvi aweza kuiona kwa macho?

Watakuwapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za mipango ya ardhi, na kwamba sheria ikifasiriwa itapoteza usahihi wake. Hoja hiyo haina mashiko. Ukivuka mpaka kutoka Isebania ukaingia Sirari, umbali wa hatua chache tu, utakuta ndugu wa Wakuria wale wale wakizungumza juu ya mipango miji, kibali cha ujenzi, hifadhi ya barabara na mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji bila kutafuna ulimi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za Tanzania, zilizotungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika 2001, zinasomeka kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge la nchi hiyo lilipitisha mabadiliko ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Nasi nyumbani tunayo Katiba iliyofasiriwa, na tangu mwaka 2019 Bunge la Kitaifa linazo Kanuni zake za Kudumu kwa Kiswahili. Ikiwa utaratibu wa kumwita Mbunge kwa nidhamu unaweza kuandikwa kwa lugha hii, upana wa ukingo wa mto unaweza pia.

Wengine watauliza kwa nini Kiswahili, ilhali wengi wa wakazi huzungumza Kijaluo, Kikuria au Kisuba nyumbani. Jawabu ni kwamba maelezo ya barazani na yatolewe kwa lugha hizo, na ni vyema yatolewe. Lakini orodha moja rasmi yahitajika, ambayo Mjaluo wa Rongo, Mkuria wa Kehancha, Mkisii mwenye duka Oyugis na ofisa aliyehamishwa kutoka Pwani wote wataisoma na kuitegemea mbele ya hakimu. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekwisha kutaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Isiwe rasmi katika sherehe tu.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila mswada wa ardhi unaofikishwa mbele ya Bunge la Kaunti uambatane na ukurasa wa fasili kwa Kiswahili, na madiwani wasiupitishe bila ukurasa huo. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge hilo kuwashirikisha wananchi, na hakuna ushirikiano juu ya maneno yasiyoeleweka. Pili, Migori na Homa Bay, kwa kuwa ni majirani na ziwa lao ni moja, zikubaliane juu ya orodha moja, ili "ukingo" usiwe na maana moja upande huu wa mpaka na nyingine upande ule. Tatu, kila kipimo kitajwe pamoja na mahali kinapoanzia, na alama zisimikwe ardhini. Nne, fomu ya maombi ya kibali na notisi ya kukataliwa ziandikwe kwa Kiswahili, zikitaja zile siku 60 na zile siku 14 kwa maandishi yanayosomeka.

Hata hivyo, kazi hii haiwezi kuachiwa maofisa peke yao, na hapa twawageukia walimu na wanafunzi. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta zoezi la istilahi analo mlangoni pake. Mwalimu wa hisabati anayetaka kufundisha eneo, uwiano na mteremko hana haja ya mifano ya vitabuni, kwani viwanja vya soko lake na ufuo wa ziwa vinamtosha. Wanafunzi wa kidato wanaweza kuikusanya orodha ya maneno ya ardhi yanayotumika kijijini mwao, wayalinganishe na ya sheria, na waipeleke kwa diwani wao. Kifungu cha 35 cha Katiba kimempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na ramani ya kanda ni habari.

Shule zenyewe zina jambo la kupoteza. Shule nyingi za umma hapa nchini zimesimama juu ya ardhi isiyo na hati, na wanyakuzi huanza na uwanja wa michezo. Mwalimu mkuu asiyejua tofauti ya ardhi ya umma, ardhi ya jamii na ardhi ya kibinafsi, wala maana ya kanda ambamo shule yake imewekwa, atautambua uvamizi siku ambayo ua umekwisha kujengwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hati ya shamba ni daftari la mwenye shamba. Orodha ya maneno yaliyofafanuliwa ni daftari la wote, na Kaunti za Migori na Homa Bay zinadaiwa daftari hilo na watu wao. Tunawasihi wahusika walitoe sasa, kabla ya mvua nyingine kubwa kulipandisha ziwa na kabla ya tingatinga kuja kuwafundisha wananchi maana ya maneno.